Bei ya Shamba Wakati wa Shida

Watu wengi hudhani kuwa bei ya shamba hukaa mahali pamoja kama shamba lenyewe lilivyo. Udongo hauhami, miti haihami, na mipaka ni ile ile waliyoiweka wazee. Basi yawezekanaje shamba lililoombwa mwaka mmoja kwa shilingi milioni tatu liuzwe baada ya miezi michache kwa milioni moja na kidogo? Mimi ni mzaliwa wa kijiji kimoja katika Wilaya ya Newala, na jambo hili nililiona katika ukoo wetu nilipokuwa mtoto wa miaka 10. Tangu hapo nimeliwaza mara nyingi, na sasa nikiwa katika Kidato cha Nne naomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze wasomaji yale niliyoyaona, na kile ninachodhani kuwa ndicho sababu yake.

Kwanza yafaa nieleze jinsi shamba linavyohesabiwa kwetu, maana wenzangu watokao mijini wamezoea viwanja vyenye namba. Kwa sheria ya nchi yetu ardhi yote ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwanakijiji anayo haki ya kuitumia na kuirithisha. Akitaka kumpa mtu mwingine haki hiyo, hana budi kupata kibali cha Halmashauri ya Kijiji, kama ilivyoagizwa katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Zamani sheria haikukiri kwamba ardhi tupu ina bei. Kilichokuwa na bei ni jasho la mtu lililo juu yake, kama vile miti na nyumba. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ndiyo iliyokubali kuwa ardhi yenyewe ina thamani.

Lakini wazee wa kwetu bado wanahesabu kwa njia ya zamani. Ukimwuliza mzee shamba lake ni kubwa kiasi gani, hakutajii eka, atakujibu, "Mikorosho 54," au, "Mikorosho 100." Mkorosho wenye nguvu, uliopaliwa vizuri na kupuliziwa salfa ili usishikwe na ubwiriunga, una bei yake. Mkorosho mzee una bei ndogo. Pori lisilo na mti lina bei ndogo kuliko yote. Kwa hiyo bei ya shamba yaning'inia juu ya bei ya kilo moja ya korosho, nayo bei ya kilo haitoki kijijini kwetu. Korosho ghafi zetu nyingi hununuliwa na wafanyabiashara wa India na Vietnam. Soko likilegea huko, bibi yangu asiyejua hata Vietnam iko upande gani wa dunia anakuwa maskini zaidi kabla hajaamka asubuhi.

Bibi yangu, mzaa mama, aliwahi kuiona hali hiyo zamani sana. Hunieleza kwamba katika miaka ya 1970 mwanzoni kila mtu alipanda mikorosho, na ni kweli, kwa kuwa msimu wa 1973/74 nchi nzima ilipata tani zipatazo 145,000. Kisha ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Watu wakasogezwa mbali na mashamba yao, bei aliyolipwa mkulima ikawa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia katika maua. Ilipofika msimu wa 1986/87 nchi nzima haikupata hata tani 20,000. Wakati huo, asema bibi, shamba la mikorosho halikuwa na bei hata kidogo. Si kwamba bei ilikuwa ndogo. Hakukuwa na mtu wa kuuliza. Watu waliikata mikorosho wakachoma mkaa, na mashamba mengine yakawa maficho ya nguruwe mwitu. Babu yangu hakuikata. Kila mwaka alikwenda kwa miguu akafyeka chini ya miti yake, na watu wakamcheka kwamba anapalia pori. Katika miaka ya 1990 biashara ilipofunguliwa na salfa ikatumika zaidi, ile mikorosho 54 ikazaa tena. Babu alipofariki akamwachia bibi, nalo ndilo shamba nitakalolisimulia.

Sasa niseme habari za miaka ya neema. Msimu wa 2016 na ule wa 2017 korosho iliuzwa minadani kwa bei ambayo wazee walisema hawajapata kuiona. Msimu wa 2017 bei ilikaribia shilingi 4,000 kwa kilo, na mahali pengine ikapita. Kijiji kizima kilibadilika. Pikipiki zilinunuliwa, nyumba za nyasi zikaezekwa mabati, na mafundi uashi walikuwa hawapatikani. Watu wakaanza kutafuta mashamba ya kununua, lakini hayakupatikana, kwa kuwa hakuna mtu auzaye ng'ombe anayetoa maziwa. Mwanakijiji mmoja alimjia bibi akamwahidi shilingi 3,200,000 kwa ile mikorosho 54. Bibi alimkaribisha uji, akamshukuru, akakataa.

Mjomba wangu naye alianza kujenga. Kwetu sisi Wamakonde, kwa desturi ya zamani ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wa nyumba; kwa hiyo nyumba yake ilikuwa kama nyumba yetu sote. Aliweka msingi wa vyumba vinne, akapandisha kuta za matofali ya saruji mpaka usawa wa kupokea paa. Fedha zikamwishia hapo. Lakini hakuwa na wasiwasi, maana mavuno ya 2018 yalikuwa njiani. Akachukua mabati kwa mkopo dukani, na kwa mkopo huo huo akachukua mbao. Dada yangu mkubwa alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada yake pia ilipangwa kutoka katika mavuno hayo. Hapana aliyekosea katika hesabu hiyo. Kila nyumba kijijini ilikuwa imepiga hesabu ya namna hiyo.

Wasomaji wengi wanakumbuka yaliyotokea. Bei ya dunia ilikuwa imeshuka. Oktoba 2018 wanunuzi walileta minadani bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000, na wakulima wakazikataa. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakapewa kazi ya kuisomba. Watu walishangilia sana, na bei yenyewe ilikuwa nzuri. Lakini kazi ya kuhakiki na kulipa wakulima wote ilikuwa kubwa, na malipo ya wengi yalichelewa. Yetu yalitufikia mwaka 2019 ukiwa umekwisha kwenda mbali. Katika miezi hiyo ya kungoja ndipo nilipoona maajabu ya bei ya mashamba.

Mwezi Januari 2019 mwenye duka alikuja kudai fedha zake. Chuo nacho kilimtaka dada alipe ada ama aache nafasi. Mjomba akafikiri kwanza kuiuza ile nyumba yake, kwa kuwa ndiyo iliyomletea deni. Alikuwa ametumia zaidi ya shilingi milioni tano. Alizunguka na habari hiyo kwa majuma mawili, lakini hakupata mtu hata wa kuja kuitazama. Mwisho mwenye duka alikubali kuyachukua tena mabati ambayo hayajapigwa msumari, kwa kiasi kilichokuwa kama nusu ya bei aliyoyatoa. Majirani wengine walifanya jambo lililo chungu zaidi: walipanda juu ya nyumba zao wenyewe, wakaezua mabati yaliyokwisha kutumika, wakayauza, na kurudisha nyasi.

Nilimwuliza mjomba kwa nini nyumba nzuri vile haipati mnunuzi. Akanijibu, "Mpwa wangu, nyumba ya mjini hununuliwa na mpangaji asiyemjua jirani yake. Hii iko katikati ya ndugu zangu, na makaburi ya wazee wangu yako nyuma yake. Nani atakuja kukaa hapa asiye wa hapa? Na aliye wa hapa ana pake pa kujenga." Nadhani alisema kweli. Kijijini nyumba ni gharama kubwa kuliko vyote tunavyojenga, lakini siku ya dhiki ndiyo inayoanguka bei kwanza, kwa sababu haizai chochote cha kuuza, wala hakuna anayeihitaji isipokuwa mwenyewe.

Basi likabaki shamba. Ukoo uliitwa, wakaketi barazani kwa bibi: bibi mwenyewe, mjomba, mama yangu, na mama mdogo. Sisi watoto tulikuwa uani tukisikiliza. Mjomba alisema, "Mama, hatuna njia nyingine ila mikorosho ile." Mama yangu alipinga. Alisema, "Kaka, yule bwana alitoa 3,200,000 mwaka juzi. Tukiuza leo tutapata nini?" Wakaenda kumwuliza yule yule mwanakijiji aliyekuwa akilitamani shamba. Masikini, yeye naye alikuwa akitafuta wa kumwuzia la kwake.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu, nami naomba wasomaji wapatazame vizuri. Katika kijiji cha zao moja, muuzaji na mnunuzi ni mtu yule yule. Mavuno yakiwa mazuri, wote wanataka kununua na hakuna auzaye. Fedha zikikosekana, wote wanataka kuuza na hakuna anunuaye. Siku ile ile shida inapowaleta wauzaji kumi, inawaondoa wanunuzi kumi. Ndiyo maana bei ya shamba kijijini haishuki polepole kama mtu ashukaye ngazi, bali huanguka kama nazi. Udongo haukupungua rutuba katika miezi ile, wala mikorosho haikunyauka. Kilichopungua ni idadi ya watu wenye fedha mkononi.

Na wakati huo wenye fedha mkononi ni nani? Ni mtu ambaye riziki yake haitoki katika korosho: mwenye mshahara wa kila mwezi, au mwenye duka kubwa mjini, au aliyeuza kitu kingine. Huyo hakuja kwa ubaya. Hakumlazimisha mtu. Alikaa tu kwake, na habari zikamfuata. Kwetu walikuja wawili. Wa kwanza alitaja 1,500,000, akaenda zake akisema atarudi. Hakurudi, maana njiani alionyeshwa shamba jingine la bei nafuu zaidi. Wa pili alitaja 1,200,000. Mjomba akasihi, akaongezewa laki moja. Bibi alikubali, Halmashauri ya Kijiji ikaidhinisha, na shamba alilolipalia babu wakati halina bei likauzwa kwa shilingi 1,300,000. Deni la dukani likalipwa, na dada yangu akapanda basi kwenda chuoni.

Jirani yetu mmoja alifuata njia nyingine. Naye alidaiwa, lakini hakuuza. Aliweka rehani mikorosho yake 40 kwa shilingi 600,000: aliyemkopesha avune misimu mitatu, yaani 2019, 2020 na 2021, kisha miti irudi kwa mwenyewe. Waliandikiana mbele ya viongozi wa kijiji. Watu wa mahesabu watasema hiyo ni riba ya kutisha, na ni kweli. Hata mti mmoja ukizaa kilo 10 tu, miti 40 ni kilo 400 kwa msimu, na bei ya miaka ile ilizidi shilingi 2,000 kwa kilo. Mkopeshaji aliweza kurudishiwa fedha yake katika msimu wa kwanza, na misimu miwili iliyobaki ikawa faida. Jirani alilima mihogo na kunde na kufanya vibarua miaka yote mitatu huku akitazama mtu mwingine akiokota korosho zake. Lakini mwaka 2022 miti ilikuwa yake tena.

Wengine ambao hawakuwa na shamba la kuuza wala la kuweka rehani waliuza korosho changa kwa watu wa kangomba, ambao hutoa fedha kidogo mapema na kupima kwa vipimo vyao wenyewe. Nawataja kwa ufupi tu, ili wasomaji waone kwamba kuuza shamba kwa bei ya chini, kuliweka rehani na kuuza kangomba ni ndugu watatu wa mama mmoja, naye mama huyo ni haja ya fedha kabla ya wakati wake. Wazee walisema dau la mnyonge haliendi joshi.

Miaka iliyofuata bei ya korosho haikuwa ya kufurahisha. Misimu mingine ilizunguka kwenye shilingi 2,000. Katika miaka hiyo mjomba alijifariji kwamba heri tuliuza. Kisha Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa eneo letu ukafungua kwa bei iliyopita shilingi 4,000. Nilikuwa Kidato cha Tatu. Nilichukua karatasi nikapiga hesabu: mikorosho 54, kilo 10 kila mmoja, ni kilo 540, mara 4,000 ni shilingi 2,160,000. Hata ukiondoa makato, salfa na vibarua, mnunuzi wetu aliweza kupata katika msimu mmoja kiasi kinachokaribia kulipa shamba zima. Watu wakaanza tena kutafuta mashamba kijijini, na kama ilivyokuwa mwaka 2017, hakuna aliyetaka kuuza.

Sikumwonyesha bibi karatasi ile. Lakini likizo ya Desemba alinisikia nikizungumza na mama juu ya bei mpya, akasema, "Mnahesabu mikorosho tu. Na muuguzi mnamhesabu shilingi ngapi?" Hapo nilinyamaza. Dada yangu alimaliza chuo, sasa ana kazi, na nauli yangu, sare yangu na godoro ninalolalia hapa bwenini vinatoka kwake. Mama yake hakuugua tena bila dawa. Jirani yetu ana mikorosho yake 40, lakini mtoto wake wa kwanza aliacha masomo mwaka ule ule wa 2019. Nimejaribu kuamua ni nani kati yetu aliyefanya vizuri zaidi, nami nimeshindwa. Ninalojua ni kwamba wote wawili walichagua wakiwa wamebanwa, na mtu aliyebanwa huuza kwa bei ya mlango ulio wazi.

Kutokana na hayo nimejifunza mambo matatu, ambayo napenda kuyaweka mbele ya wazazi na wenzangu.

Jambo la kwanza, shamba lisilouzwa halikushuka bei. Katika mwaka mbaya, walioweza kungoja hawakupoteza kitu. Kwa hiyo anayetaka kulinda shamba lake asilinde mipaka peke yake. Aweke pia akiba ya kumwezesha kungoja mwaka mmoja. Akiba haiozi. Magunia machache ya mahindi, mbuzi watatu au wanne, au fedha katika kikundi cha kuweka na kukopa ni ukuta wa shamba.

Jambo la pili, kutegemea zao moja ni kuwa na wanunuzi wa aina moja. Nyumba zilizokuwa na ufuta, mbaazi au mihogo ya kutosha hazikuuza mashamba mwaka ule, au ziliuza kipande kidogo. Ufuta na mbaazi nazo bei yake hupanda na kushuka, lakini si lazima zishuke siku moja na korosho.

Jambo la tatu, nyumba ijengwe kwa fedha iliyokwisha kupatikana, si kwa mavuno yaliyo bado mtini. Msingi wa mjomba bado upo, na mvua za kila mwaka zinaziumbua kuta. Nyumba ni heshima, lakini siku ya shida hakuna duka lipokealo heshima.

Nina neno moja la mwisho kwa wenzangu wa Kidato cha Nne tutakaoachana mwaka huu. Mungu akipenda, wengine kati yetu watakuwa walimu, wauguzi, makarani na wafanyabiashara, nao watapokea fedha ambazo hazitoki katika mti wowote. Utafika mwaka mwingine mbaya, maana bei ya mazao haikuacha kupanda na kushuka tangu babu zetu. Siku hiyo sisi ndio tutakaoitwa vijijini, na mzee mmoja atatuonyesha shamba lake huku akitazama chini. Sheria haitatukataza kutaja bei ndogo kuliko zote, na mzee atakubali kwa kuwa hana la kufanya. Lakini sisi tutakuwa tumesoma, nasi tutajua kwamba bei ile si ya shamba, bali ni ya shida yake. Ningependa siku hiyo tuwe watu wa kumwuliza kwanza, "Mzee, wahitaji kiasi gani, na waweza kukirudisha lini?" kabla ya kumwuliza shamba lina mikorosho mingapi.